Sehemu ya Tatu Ipigwe Polepole

Leningrad, majira ya baridi, 1948 kuingia 1949

Novemba 6

Mwaka huu mwenye akili haandiki shajara. Mimi akili yangu sikuipata shuleni, kwa hiyo naandika. Daftari nalilaza ndani ya sanduku la ala yangu, viola, chini ya kitambaa, mahali ambapo mpekuzi atakutana kwanza na nondo na makombo ya mkate, akate tamaa.

Theluji ya kwanza leo. Ile ya majimaji, isiyojua kama inataka kuwa mvua.

Novemba 11

Tumepewa kazi. Vsevolod Ignatyevich Yurlin ameandika kwateti mpya: fidla mbili, viola na selo. Wapigaji ni sisi wanne. Arkady Semyonovich, fidla ya kwanza, ndiye kiongozi wetu na huogopa kwa niaba yetu sote. Lyusya, fidla ya pili, hasemi. Mzee Porfiry wa selo husema fungu lake na la Lyusya pia. Na mimi, Kapitolina, kwenye viola. Wenzangu wamesoma chuo cha muziki. Mimi nimesomea gizani, kwenye sinema za zamani zisizo na sauti, nikipiga chini ya pazia huku watu wakinitemea maganda ya alizeti.

Yurlin alinitazama, kisha akamwuliza Arkady, nami nipo hapo hapo, "Huyu mama wa sinema anajua kusoma noti?"

"Anajua," Arkady akasema. "Hata za kwako."

"Basi akate kucha kwanza."

Simpendi. Kola ya manyoya ya koti lake imenyonyoka kama kuku mgonjwa, naye anaivaa kama taji. Ualimu alifukuzwa mwaka huu huu, baada ya lile Azimio la Februari lililosema watunzi wetu wamewasahau wananchi. Tangu siku ile hakuna utungo unaofika kwa wananchi kabla haujasikilizwa na kikao na kupigwa muhuri. Mtu yuko katika hali hiyo, na bado anaangalia kucha za wenzake.

Novemba 19

Kikao cha kwanza, Nyumba ya Watunzi. Utaratibu ni huu: mtunzi anapiga kazi yake kwa piano, wenzake wanakunywa chai. Akimaliza, wanasimama mmoja mmoja kumkosoa. Wakimaliza wao, anasimama yeye na kuwashukuru. Nimeona watu wazima wakikosolewa mpaka wakawa wa kijani, halafu wakashukuru kwa sauti inayosikika hadi jikoni.

Mwenye kikao ni Nikandr Pavlovich Sborov, katibu wetu. Akisikiliza hufumba macho, ili tujue anasikiliza. Pembeni yake hukaa naibu wake, Tamara Glebovna Pykhtina, mwanamke mfano wa kabati lililofungwa na ufunguo ukatupwa mtoni.

Sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne zilipita na minong'ono tu. Ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Juu yake Yurlin ameandika "Polepole sana", na ni polepole kweli, kama mtu anayevuta kitu kizito huku akiogopa kugeuka kukitazama. Sikutaka kuipenda. Ilinipata mahali ambapo sikuwa nimefunga vizuri.

Sborov akafumbua macho.

"Ndugu Yurlin, vita vimekwisha. Wewe bado unamlilia nani?"

Yurlin akafunga kifuniko cha piano.

"Nakuuliza kwa upendo, bwana. Mfanyakazi ametoka zamu, amechoka, amenawa mikono, amekuja kutusikiliza. Wewe unampa nini? Unampa matanga!"

Wakacheka. Hata waliokuwa wanalengwalengwa na machozi walicheka, tena hao ndio walioanza.

"Sehemu ya tatu ina ugonjwa," akasema Pykhtina, bila kuinua uso kwenye karatasi zake. "Unaambukiza."

Hukumu: sehemu ya tatu itupwe, iandikwe nyingine yenye damu ya watu ndani yake, na kazi yote iletwe Januari, ipigwe na sisi wanne. La sivyo, Yurlin anatolewa kwenye Chama cha Watunzi. Kutolewa maana yake ni kupoteza chumba, kwa sababu nyumba anayokaa ni ya Chama, na baada ya hapo hakuna atakayethubutu kupiga hata wimbo wake wa kubembelezea mtoto.

"Nawashukuru ndugu zangu kwa ukosoaji wenu," Yurlin akasema. Alisema kama anayemwamuru mtumishi aondoe vikombe.

Novemba 20

Baridi. Kucha nimekata, lakini si kwa sababu yake.

Desemba 3

Mazoezi. Arkady akauliza kwa adabu, "Vsevolod Ignatyevich, na ile sehemu ya tatu mpya?"

"Iko mbele yako."

"Mbele yangu iko ya zamani."

"Ndiyo mpya. Tangu niiandike hakuna aliyeisikia."

Porfiry akapangusa pua. "Mwanangu, sisi tuna wake na magoti mabovu. Wewe una shingo ngumu tu. Tusaidiane."

Yurlin alinigeukia mimi. "Viola, hapo unapoingia. Usilie. Umezoea kulilia pazia. Hapa mtu ameshamaliza kulia."

Nilipiga bila kulia. Akasema, "Bado." Nikapiga tena. Akasema, "Bado." Nilimchukia mpaka jioni, na nilipokuwa namenya viazi nikagundua mkono wangu unaipiga tena hewani, na safari hii ilikuwa sawa.

Desemba 8

Mto Neva umeganda. Watu wanavuka kwa miguu, wakibeba miti ya Mwaka Mpya.

Desemba 17

Bado.

Desemba 22

Pykhtina amemsimamisha Arkady kwenye ngazi. Alimwambia, kwa kunong'ona, kwamba kundi linaloshikamana na kazi yenye ugonjwa laweza kuhitajika kuimarisha utamaduni katika mji mmoja wa migodi huko kaskazini, ambako jua huchukua likizo miezi mizima. Arkady amerudi mazoezini na uso mweupe kama jibini.

"Yule mwanamke," akasema, "ana damu ya samaki."

Sote tulikubaliana. Ni nadra sisi wanne kukubaliana bila mtu wa kutuhesabia mapigo.

Desemba 31

Porfiry kaleta machungwa madogo. Lyusya kala lake na maganda. Tumetakiana heri, hatukutaja ya nini.

Januari 13

Kesho kikao. Yurlin hajabadili hata nukta. Nimepiga pasi blauzi nyeupe. Nimeipiga tena.

Januari 14

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, maana nikichelewa nitaanza kujitetea.

Tulikuwa kwenye ujia, tunasubiri kuitwa. Ndani kulikuwa na kicheko cha Sborov. Lyusya alikuwa anatetemeka mpaka upinde wake unagongagonga mlango. Arkady akasema tukapige tu, na Mungu, ambaye hayupo, atusaidie.

Ndipo nikasema, "Tuipige mbio."

"Nini?"

"Ya tatu. Noti zile zile, hakuna kuongeza wala kupunguza. Mbio tu, mara nne ya alivyoandika."

"Kapitolina, umerukwa na akili."

Nikawaeleza ya sinema. Mwendesha mashine akitaka kuwahi nyumbani, alikuwa anazungusha filamu kwa kasi, na sisi chini tunamfuata. Nimepiga maziko ya malkia kwa mwendo ule. Yanakuwa polka, ngoma ya kurukaruka. Watu walikuwa wanapiga makofi na jeneza linakimbia kaburini kama linachelewa treni. Msiba wowote ukikimbizwa unakuwa harusi.

Porfiry alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia. "Mama, wewe ni shetani."

"Na yeye mwenyewe?" Arkady akauliza. "Yurlin?"

Yurlin alikuwa ameshakaa ndani, mstari wa mbele, kama desturi inavyotaka. Hatukumwuliza. Nimesema nitaandika kama ilivyokuwa: hatukumwuliza kwa sababu angekataa.

Tukaitwa. Ya kwanza, ya pili, salama. Kisha Arkady akanitazama, akavuta pumzi, akaanza, nasi tukamkimbilia.

Wallahi sijawahi kusikia kitu kama kile. Ule mzigo mzito ukapata miguu. Pale ambapo mtu ameshamaliza kulia, pakawa na wasichana wanaoruka kamba. Selo ya Porfiry ikawa inakanyaga sakafu kama buti za bwana harusi. Sborov alikuwa amefumba macho kama kawaida, na nikauona mguu wake wa kulia unaanza kugonga zulia. Wengine, kuona mguu wa katibu, na miguu yao ikaanza. Pykhtina alikuwa na karatasi za utungo mapajani, uso wake kabati.

Yurlin aliinuka nusu. Akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa, mkono umeshika kiti cha mbele. Sikumtazama tena. Nilikuwa na noti nyingi za kupiga kwa muda mfupi.

Tulipomaliza ya nne, Sborov alisimama yeye kwanza, akapiga makofi.

"Haya! Haya ndiyo matunda ya kukosolewa! Ndugu zangu, mnakumbuka Novemba alituletea maiti? Leo iko wapi? Ameitupa! Ametuandikia kitu kipya kabisa, chenye afya, chenye kijiji ndani yake! Ndugu Yurlin, nilikuwa mkali kwako. Sema sasa, nilikosea?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Naye akatugeukia sisi. Alikuwa mweupe kama karatasi ya noti kabla ya kuandikwa. Neno moja tu lingetosha. Angesema "Hawa wameniharibia", yeye angepoteza chumba, nasi tungeshona makoti ya kaskazini. Alitutazama mmoja mmoja, Lyusya mwisho, ambaye alikuwa analia waziwazi.

"Hapana, Nikandr Pavlovich," akasema. "Hukukosea. Nawashukuru ndugu zangu kwa ukosoaji wenu."

Muhuri ukagongwa. Sborov akasaini mwenyewe, kwa mkato mkubwa kama ndoano ya bucha.

Januari 15

Nilikwenda chumbani kwake. Nilichukua pai ya kabichi, kana kwamba pai inasaidia. Alifungua mlango, hakunikaribisha ndani.

"Nani alitoa wazo?"

"Mimi."

"Nilijua. Wengine wamesoma, wasingeweza."

"Vsevolod Ignatyevich, una chumba. Una muhuri."

"Nina muhuri." Akaichukua pai mikononi mwangu, akaiweka sakafuni kwenye ujia, taratibu, kama unavyomwekea paka. "Unajua ile ni nini? Nilikuwa na dada, Agniya. Majira yale ya njaa, mji umezingirwa, nilimvuta kwenye sleji ya watoto, kile kigari cha kuteleza thelujini, mpaka kwenye uwanja walipokuwa wanalazwa wafu. Sikuwa na nguvu ya kufungua mdomo. Mimi, mwanamuziki, nilimwacha pale bila sauti hata moja. Ile ndiyo sauti. Imenichukua miaka kuipata. Na jana nyie mmemchezea ngoma."

Mama yangu nilimvuta mwezi ule ule, na kwa ubao, sleji tulikuwa tumeshaichoma kwa kuni. Sikumwambia. Angesema namnyang'anya na hilo.

"Nenda," akasema. "Na kesho msije kuniomba utungo. Siandiki tena."

Mlango ukafungwa. Pai nilimwachia paka.

Januari 29

Makala ya Sborov gazetini: namna katibu mwenye subira alivyomtoa mtunzi aliyepotea kwenye giza la kupenda umbo la muziki kuliko wananchi na kumleta kwenye nuru ya ngoma. Jina la Yurlin mara moja, jina la mwandishi chini kwa herufi nene. Porfiry amelitumia gazeti kufungia samaki.

Februari 10

Klabu ya kiwanda cha viatu. Wanataka ya tatu. Wanawake wawili wa zamu ya mchana walicheza katikati ya viti. Mwenyekiti wa klabu akamsimamisha Yurlin: "Huyu hapa, ndugu, mwenye furaha yake!" Yurlin akainama.

Februari 17

Klabu ya wachapaji. Ya tatu mara mbili.

Februari 24

Zimamoto. Ya tatu. Mmoja alipiga kijiko.

Machi 2

Magazeti yamepata watu wapya wa kuwinda, wale eti wanaopenda ya nje kuliko ya nyumbani. Arkady ametoa picha za watunzi wote wa Kijerumani ukutani kwake, hata wale waliokufa kabla ya bibi yake kuzaliwa. Anasema kuta zinapumua vizuri. Yurlin anakuja kwenye maonyesho kwa sababu lazima aje. Hanisalimii. Nami simlaumu, ila shingo yake bado inaniudhi.

Machi 9

Jua kidogo. Kwenye mapaa inaning'inia mikuki ya barafu, minene kama paja, na wafagiaji wanapiga kelele "Jihadhari!" baada ya kuiangusha. Sborov anatembea katikati ya barabara kwa kuiogopa. Magari yanampisha.

Machi 16

Si mkuki uliompata. Sborov amekufa leo akiwa amekaa, kikaoni, mtu mmoja akiwa anamsifu. Alikuwa amefumba macho. Wanasema sifa ziliendelea kitambo kabla ya Pykhtina kusema, "Ndugu, nadhani hatusikilizi tena."

Machi 17

Pykhtina ametuita. Anakaimu ukatibu, lakini kiti ni kile kile chake cha pembeni.

"Jumamosi mwili utalazwa ukumbini. Mtapiga nyuma ya maua. Kitu cha polepole. Si cha nje, mwaka huu sithubutu. Si cha zamani, chuo cha muziki wameshakichukua. Marehemu alipigania muziki wa leo, kwa hiyo kiwe cha leo, na kiwe na muhuri."

Arkady akafungua mkoba, akatoa orodha yetu ya kazi zilizopitishwa. Akaisoma. Akaisoma tena. Jasho likamtoka.

"Tamara Glebovna... hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna ya polepole. Zote za furaha."

Nilikuwa nalijua hilo, lakini kulisikia likisemwa chumbani ni kitu kingine. Mwaka mzima Chama cha Watunzi cha mji huu kilikuwa kimepitisha mavuno, harusi, matrekta na asubuhi. Sasa katibu amekufa, na nchi nzima ya asubuhi haina cha kumzikia.

Porfiry akakohoa. "Labda tumpigie trekta, kwa heshima."

Pykhtina hakucheka. Alitazama dirishani, ambako mfagiaji alikuwa juu ya paa.

"Yurlin," akasema. "Sehemu ya tatu."

"Lakini ile ni ngoma, Tamara Glebovna," nikasema, kwa uso wa mtu mwema.

"Usinifanye mjinga, Kapitolina Fyodorovna. Januari nilikuwa na karatasi mapajani. Mimi sisikilizi kwa kufumba macho." Akakunja orodha ya Arkady, akamrudishia. "Ina muhuri, na saini ni ya marehemu mwenyewe. Pigeni kama ilivyoandikwa. Na mtu akiuliza, mimi sikujua, nyie mlinidanganya, na nitasema hivyo bila kupepesa."

"Mliihukumu kuwa na ugonjwa," Arkady akanong'ona. "Novemba, wewe mwenyewe..."

"Nilisema unaambukiza," akasema. "Funga mlango, kuna baridi."

Nimeandika juu ya mwanamke huyu mambo mengi kwenye daftari hili. Siyafuti. Lakini nitaacha nafasi pembeni.

Machi 19

Ukumbi umefunikwa vitambaa vyeusi, vioo vya taa pia. Jeneza wazi, maua ya karatasi, maua ya kweli yaliyoungua kwa baridi njiani. Desturi ni kwamba wanachama wanasimama zamu kwenye pembe za jeneza, mkanda mwekundu na mweusi kwenye mkono, bila kutikisika. Na nani wamempanga upande wa kichwa? Yurlin. Matunda ya marehemu, lazima yaonekane. Aliletwa kama alivyoletwa klabu ya viatu.

Hatukumwambia. Safari hii tulitaka kumwambia, lakini alipita bila kutusalimia.

Hotuba zikaisha. Pykhtina akainua kidole. Tukaanza.

Polepole sana. Tangu Januari vidole vyangu vilikuwa havijaigusa kwa mwendo wake, nikaogopa vitakuwa vimesahau. Havikuwa vimesahau. Kati ya maua niliuona mgongo wa Yurlin. Kwenye noti za mwanzo hakuna kitu. Kisha ile shingo, ile shingo niliyoichukia majira mazima, ikainama taratibu, kama mtu aliyeshika kamba ya sleji. Nilipofika mahali pangu sikulia. Nilipiga kama mtu ambaye ameshamaliza. Nilimpigia Agniya, ambaye sikumjua, na kwenye ukurasa wa pili, kwa ruhusa au bila ruhusa, nikampigia mama yangu.

Ukumbi mzima uliinamisha vichwa. Hakuna aliyeitambua. Watu waliokuwa wameicheza Februari walijifuta macho kwa leso. Mjane wa Sborov akauliza kwa sauti, "Nani kaandika hii?" na mtu wa karibu akamjibu, "Ya kale hiyo, mama. Siku hizi hawawezi."

Yurlin alikuwa analia amesimama wima, mikono ubavuni, machozi yanaangukia mkanda mwekundu na mweusi. Hakujifuta, maana mlinzi wa jeneza haruhusiwi kutikisika. Wajumbe wakagusana viwiko. Mmoja akasema, nami nilimsikia vizuri sana nyuma ya maua: "Angalia. Huyo ndiye aliyempenda kweli."

Machi 21

Kikao kimeandika kwenye kumbukumbu zake kwamba Ndugu Yurlin ameonyesha kukomaa. Pykhtina amesoma sentensi hiyo bila kupepesa.

Aprili 5

Mikuki imeanguka yote. Haikumpata mtu.

Aprili 14

Neva imeanza kusogea. Barafu inapita chini ya madaraja ikigongana, na juu ya kipande kimoja niliona kiatu na mti wa Mwaka Mpya.

Mazoezi ya Mei Mosi. Kiwanda cha viatu kimeomba ya tatu, "ile ya kucheza". Tukiwa tunakaza nyuzi, mlango ukafunguka, akaingia Yurlin, kola ile ile ya kuku mgonjwa. Tangu Januari hakuwa amekanyaga mazoezini. Lyusya akasimama. Arkady akaanza kuomba radhi kwa jambo ambalo hakulitaja.

Yurlin alinijia mimi.

"Siku ile. Ukurasa wa pili. Viola ilikuwa chini kidogo."

"Ukumbi ulikuwa na baridi, Vsevolod Ignatyevich."

"Kidogo sana," akasema.

Akavuta kiti, akaketi karibu na selo. Arkady akauliza, huku akitazama viatu vyake, tuipige vipi.

Yurlin akanyoosha mguu na kuanza kugonga sakafu, kwa kasi, kasi zaidi hata ya ile tuliyokimbia nayo Januari.

"Pigeni mbio," akasema. "Agniya ameshazikwa."